Gari la Kijani Halikwami

Juzi nilimsindikiza mjukuu wangu kwa fundi wa rangi hapa Karatu mjini. Amenunua gari kuukuu la kubebea watalii na anataka lipakwe upya. Nilikaa juu ya tairi nikisubiri, harufu ya rangi mbichi ikanipanda puani, na kabla sijajua ninacheka nini, nilikuwa nacheka. Fundi alimwuliza, "Bosi, rangi ile ile ya wote?" Mjukuu akajibu, "Ile ile, ya vumbi." Nikamwuliza kwa nini. Akaniambia rangi ya vumbi haionyeshi uchafu, haiwashtui wanyama, na wageni wanaipenda wakipiga picha. Sababu zote nzuri, za mtu mzima anayejua biashara. Nyumbani kwetu sisi tulichagua rangi ya gari kwa sababu moja tu. Sababu hiyo ilikuwa yangu mimi, mtoto wa darasa la nne, na ilikuwa ya kijinga kabisa.

Wa rika langu mtaikumbuka Karatu ya siku zile: barabara ya udongo mwekundu, maduka machache, ngano hadi macho yachoke. Kiangazi vumbi liliingia kwenye chai, kwenye Biblia ya mama, kwenye masikio yetu. Masika liligeuka tope la kuvua viatu. Magari yalikuwa machache, tuliyajua yote pamoja na wenyewe, na tuliweza kulitaja gari kwa mlio wake tungali tunapalilia. Kwa hiyo baba alipoacha kuendesha trekta kwenye shamba la kahawa upande wa Oldeani na kurudi nyumbani na pikapu yake mwenyewe, habari zilifika kabla yake.

Aliinunua pamoja na mdogo wake, baba mdogo Tluway. Kila mmoja alitoa jozi yake ya maksai, kwa hiyo nyumbani kwetu hakubaki ng'ombe hata mmoja wa kukokota plau. Mpango ulikuwa wa baba. Angepakia unga, maharage, chumvi, majani ya chai, viberiti na shuka, apande msituni hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, kisha ateremke upande wa pili kuelekea uwanda wa Olbalbal, ambako Wamasai walitembea siku nzima kulifikia duka. Huko angebadilishana nao, arudi na mbuzi na ngozi. Baba mdogo alikubali, ila kwa mdomo mzito.

"Kaka, gari halilimi," alisema. "Masika ikikaribia na hili gari lako halijaleta kitu, tunaliuza, tunarudisha maksai. La sivyo watoto watakula nini? Matairi?"

Pikapu yenyewe ilikuwa kichekesho. Aliyetuuzia alikuwa ameiunga kutoka kwa magari mengine yaliyokufa. Mlango wa kushoto ulikuwa wa buluu, wa kulia wa rangi ya maziwa. Boneti ilikuwa nyeupe yenye doa jeusi lililomwagika mpaka kwenye taa. Bawa moja, lile bati la juu ya gurudumu la mbele, lilikuwa jekundu, na nyuma kote ilikuwa kahawia ya ile rangi ya kuzuia kutu. Kwangu ilikuwa gari zuri kuliko yote duniani, mpaka Jumatatu nilipofika shuleni.

"Boay, gari lenu limeshonwa na fundi cherehani gani?"

"Muulizeni kama limebaki kitambaa, kaptula yangu imetoboka!"

Walicheka mpaka mwalimu akatoka ofisini. Nami nilicheka ili nisilie. Kuanzia siku hiyo, baba akinipita njiani na kupiga honi, nilijifanya nachomoa mwiba mguuni.

Safari za kwanza zilikwenda vizuri ajabu. Baba alitoka alfajiri na kurudi kesho yake na mbuzi wakilia nyuma, na baba mdogo akaanza kutabasamu upande mmoja wa mdomo. Hapo ndipo mimi, badala ya kunyamaza na kushukuru nyama, nikaanza maneno ya rangi.

Nilikuwa na elimu yangu juu ya rangi za magari, na niliipata kwa macho yangu. Nje kidogo ya mji palikuwa na mteremko ambao masika ulikuwa unameza magari. Sisi watoto tulishinda pale tukisubiri kusukuma ili tupewe andazi. Nilikuwa nimeona lori jekundu likikwama, gari jeupe la misheni likikwama, gari la buluu la mwenye duka likikwama mpaka akalala humo. Lakini magari ya kijani ya askari wa wanyamapori yalipita. Yalinguruma, yakateleza kidogo, yakapita, wala hayakutuangalia. Leo najua yalikuwa yakivuta kwa magurudumu yote manne. Wakati ule nilijua jambo moja tu: gari la kijani halikwami. Niliamini kwamba watu wakubwa wanachagua rangi ya gari kama wanavyochagua dume la ng'ombe, kwa nguvu zake, na kwamba baba, maskini, hakuna aliyemwambia.

Nikamwambia, tukiwa mezani. Nilimweleza mteremko wote, gari kwa gari. Alinisikiliza bila kutafuna.

"Huyu mtoto," alimwambia mama, "siku moja atakuwa injinia."

"Anasema rangi inapanda mlima," mama alisema.

"Sijasema naamini. Lakini hata mimi nimechoka. Jumapili kanisani wameniuliza kama nimebeba sarakasi."

Mama aliweka sufuria chini. "Baba Boay, gari linajulikana. Liacheni hivyo hivyo."

"Linajulikana kwa aibu," nikadakia, na baba akacheka, na kwa kucheka kule jambo likawa limeamuliwa. Mimi nilikuwa mtoto wa kiume wa kwanza na maneno yangu yalikuwa na uzito ambao hayakuustahili. Mama hatukumwuliza kwa nini alitaka gari libaki vile. Nimekuwa mzee nikijutia swali hilo dogo ambalo lilikuwa linauzwa bure.

Fundi wetu wa rangi aliitwa Shabani, Mnyiramba aliyekuja kutoka Singida kufanya kazi mashambani, akaoa, akabaki. Aliisugua pikapu kwa msasa, akaipaka kwa brashi kijani kibichi, tabaka mbili. Ilipokauka, kwa mbali ungeapa ni gari la serikali. Ilikuwa likizo, na baba akaniambia nipande. Nilivaa kofia yake ya zamani ya kuendeshea trekta, nikakaa mbele, mgongo umenyooka kama nimemeza fimbo.

Getini, mahali msitu unapoanzia, kizuizi kiliinuliwa kabla hatujafika. Askari alisimama wima, akabana visigino. Ndipo alipomwona baba, na magunia, na mimi ndani ya kofia.

"Ah! Mzee wa sarakasi!" alisema, mkono ukishuka taratibu. "Nimekupigia saluti ya bure. Irudishe."

Baba akairudisha, wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Niliona ushahidi. Hata vizuizi vinaijua kijani.

Juu msituni ukungu ulikuwa umelala barabarani na mvua ya manyunyu ilikuwa imepita. Kwenye kona ya tatu au ya nne pikapu ikateleza, ikazama upande mmoja kwenye tope, ikakwama kama kisiki. Nilishuka nikaitazama. Tulikata matawi, tukatandika chini ya magurudumu, tukasukuma mpaka tope likatuingia mdomoni.

"Injinia," baba aliniita, akihema, "imekuwaje tena?"

Nilifikiri sana. "Baba, nadhani rangi haijakauka vizuri kwa ndani."

Alicheka hadi akaishika boneti. Kicheko hicho bado nakisikia.

Tulipoteremka upande wa pili jua lilikuwa limetoka, na tuliweza kuona maboma kwenye miteremko inayotazama Olbalbal. Niliona wanawake wakiwa nje, shanga zao zinametameta. Niliona watoto na ndama. Halafu mtu mmoja akanyoosha mkono kutuonyesha, na boma zima likaanza kukimbia. Wanawake waliingia vichakani, watoto wakaburutwa, vijana wakatoweka nyuma ya kilima. Mimi nilifurahi. Nilidhani wanakimbilia kuvaa nguo nzuri za kutupokea. Nikaweka kofia sawa nikaanza kupunga mkono polepole, kama nilivyoona wakubwa wakifanya.

Tulifika. Mbwa mmoja alitubwekea bila moyo. Moto ulikuwa unawaka, maziwa yamemwagika karibu na mlango. Baba alipiga honi, akaita majina, akatandaza shuka juu ya ubao wa nyuma kama kawaida. Hakuna aliyetoka. Tukaenda boma la pili, ikawa hivyo hivyo. Jua lilipoanza kushuka tulikunja shuka zetu.

"Bado wanavaa?" nilimwuliza baba.

"Wanavaa nini?"

Nikamweleza. Safari hii hakucheka.

Tulirudi nyumbani na mzigo wote. Baba mdogo Tluway alihesabu magunia kwa macho tu, akaangalia mawingu upande wa Mbulu, akaenda kwake. Kesho yake alikuja na neno lake. "Nimepata mtu wa Mbulu, analitaka gari. Maksai anao. Nenda tena mara moja, kaka, usije ukasema nilikunyima nafasi. Ukirudi na unga, basi."

Nilikwenda na baba tena. Tulipoteremka, wakakimbia tena, na sasa niliona kwamba hawakimbii kama watu wanaokwenda kuvaa. Mwanamke mmoja alikuwa ameshika mtoto kwa mkono mmoja tu, vile unavyoshika kitu cha kwanza moto ukilipuka. Nikavua kofia, nikaikalia.

Baba hakupiga honi. Alizima gari, akakaa chini kwenye kivuli chake, akawasha moto, akachemsha chai. Tukanywa. Akachemsha nyingine. Jua lilipokuwa katikati, nyasi zikajongea pembeni yetu na mtu akainuka, mrefu, shuka yake imejaa mbigili. Alikuwa Mzee Lemburis, rafiki wa baba, mteja wake wa kwanza.

"Sopa, Baba Boay."

"Ipa. Umetoka wapi?"

"Mimi nimelala kwenye nyasi tangu asubuhi. Mgongo inauma. Kwa nini wewe nakuja na gari ya askari?"

"Askari gani? Ni gari langu."

Lemburis alitazama pikapu kwa chuki. Kisha akatueleza, huku akinywa chai yetu. Nyuma ya maboma, kwenye samadi ya zamani, wanawake walikuwa wamepanda mahindi kidogo, na mle ndani ya hifadhi kulima kulikuwa kumekatazwa. Magari ya kijani yalikuja kuangalia. Likionekana la kijani, kila mmoja alijua la kufanya, hata mbuzi walijua.

"Sasa sema," alimalizia, na sauti ikawa ya msiba. "Sambu iko wapi? Umeuza? Umechinja?"

"Sambu nani?"

"Sambu! Gari yetu!"

Baba alinitazama, mimi nikamtazama yeye. Sambu ni neno la Kimasai la ng'ombe mwenye rangi nyingi zilizochanganyika, na wengi wetu tunalijua kutokana na mlima Oldonyo Sambu. Kumbe huku walikuwa wameipa pikapu yetu jina, kama wanavyompa jina kila mnyama kwa mabaka yake, kwa sababu wanyama wawili wenye mabaka sawasawa hawajawahi kuzaliwa. Sambu alipoonekana juu ya kilima, watoto walimtangaza, na wanawake wakaenda kukamata mbuzi. Viraka vile vile vilivyonifanya nichomoe miiba isiyokuwepo ndivyo vilivyokuwa vikituletea nyama.

"Ni yeye huyu," baba alisema. "Yuko chini ya hii kijani."

Lemburis alizunguka, akakwaruza rangi kwa ukucha, akamwambia baba awashe injini. Akasikiliza, kichwa upande. "Sauti ni yake," alikubali. "Lakini mama hawa hawatakuja kwa sauti. Mtu anakimbia kwanza, anasikiliza nyuma."

Akachukua fimbo yake, akapanda mbele, akanisukuma katikati. "Twende Karatu," alisema. "Nitaonyesha fundi."

Wa rika langu, mngekuwepo siku ile! Fundi Shabani alitusikiliza akiwa ameshika brashi kifuani.

"Mimi nimepaka kanisa. Nimepaka trekta, nimepaka jeneza. Ng'ombe sijapaka."

"Nitakufundisha," Lemburis alisema.

Rangi za kutosha hazikuwepo, lakini Shabani alikuwa na makopo ya mabaki, nusu hili, robo lile, na kwa kazi hii mabaki yalifaa sana. Lemburis alionyesha kwa ncha ya fimbo: hapa nyeupe, hapa nyeusi inashuka, hapa simama. Watu wakajaa uani. Wanafunzi wenzangu nao walikuja, bila shaka.

"Fundi, usisahau kiwele!"

"Boay, mnalilisha majani au dizeli?"

Baba mdogo Tluway alisimama mlangoni, mikono nyuma, akiangalia gari lake likigeuzwa mnyama. Alikuwa amekuja kumleta mnunuzi wa Mbulu. Mnunuzi alitazama kidogo akasema atarudi wiki ijayo, lini hasa hakusema.

Halafu Lemburis akakwama. Hakukumbuka baka jeusi la boneti lilifika wapi. Baba hakujua. Mimi, niliyelionea aibu baka hilo kuliko wote, sikujua.

"Lilizunguka taa," mama alisema.

Alikuwa amesimama nyuma ya watu na jembe begani. Akaja mbele, akachora kwa kidole kwenye rangi mbichi. "Likarudi hivi, kama sikio. Na mlango wa buluu ulikuwa na mkwaruzo mweupe chini, hapa. Bawa jekundu lilikuwa limepauka juu." Lemburis akabisha, mama akabisha, yeye kwa Kimasai na mama kwa Kiiraqw, hakuna aliyeelewa neno la mwenzake na wote wawili walielewana. Mwisho Lemburis akamwachia fimbo.

Baba alimwuliza, "Mama Boay, haya yote umeyaona lini?"

"Kila jioni uliyokuwa huko," alisema. "Ukiwa shamba la juu unaiona barabara inapotoka msituni. Magari ni mengi siku hizi, matatu, manne. Nilikuwa natafuta lenye sikio."

Baba akajifanya anachunguza tairi. Shabani akaendelea kupaka, taratibu zaidi kuliko mwanzo.

Tuliondoka rangi ikiwa bado inanata, na nzi kadhaa wa Karatu walikwenda nasi Ngorongoro wakiwa wamebandikwa mlangoni. Baba mdogo alipanda nyuma juu ya magunia, kwa sababu alitaka kuona mwenyewe. Lemburis alikaa dirishani na shuka yake nje. Tulipoteremka, watu walisimama. Mtoto mmoja alinyoosha mkono. Hawakukimbia, ila hawakuja pia.

Bibi mmoja mzee ndiye aliyetangulia. Alikuja kwa mwendo wa kukagua mnadani, akaizunguka pikapu yetu yote. Aligusa sikio la mama kwenye boneti, akanusa kidole. Akainama kuangalia bawa. Nyuma yake wanawake wengine walisubiri. Hatimaye akasema jambo refu kwa Kimasai, na Lemburis akakuna shingo.

"Anasema huyu si Sambu," alitafsiri. "Anasema rangi ni mpya, ngozi ni laini, hana makovu. Anasema huyu ni mtoto wa Sambu."

Baba mdogo alishuka kwenye magunia. "Mwambie ni yule yule," alisema haraka. "Mwambie tumepaka tu."

Lemburis akatafsiri. Bibi alitikisa kichwa. Akatema mate kidogo ya baraka kwenye boneti, kama wanavyomfanyia ndama, na wanawake wakaanza kusogea. Lakini yeye hakuondoka. Alinigeukia mimi, labda kwa sababu Lemburis alikuwa ameshuka na mimi ndiye niliyebaki karibu na dirisha, akauliza swali moja fupi.

"Anauliza mama yake mmempeleka wapi," Lemburis alisema.

Nilimwangalia baba. Baba aliangalia usukani.

"Mwambie amezeeka," nikasema. "Tumemwacha nyumbani kwetu apumzike. Anakula vizuri."

Bibi alisikiliza, akaridhika, akaenda kukamata mbuzi. Nimesema uongo mwingi maishani na karibu wote nimeuombea msamaha. Huo bado sijauombea.